Sifa Hupakwa Mti

Ukitaka kumjua Fundi, anza na pua. Kabla hujamwona akikata kona pale mtaani Tanambao, ulikwisha kuisikia harufu yake: mafuta ya ini la papa, makali, yanayoingia kooni na kukataa kutoka, na juu yake maua ya langilangi aliyoyachomeka nyweleni chini ya mtandio. Harufu mbili hizo zilishindana mchana kutwa, na hata siku moja sikuona ipi iliyoshinda. Wasichana aliowasomesha Kurani walisema shetani haingii darasani kwa Fundi, na wala si kwa sababu ya dua. Naye aliwasikia, akacheka pamoja nao.

Alikuwa Fundi mara mbili. Kwetu sisi watu wa asili ya Ngazija tuliokulia Mahajanga, pwani ya Wamalagasi, fundi ni mwalimu wa chuo cha Kurani, na fundi pia ni mwenye ujuzi wa mikono. Asubuhi alishika msahafu. Baada ya adhuhuri alishika brashi, akaenda kutia rangi mbao za watu, zile za nje: milango, madirisha, nguzo za baraza, vizuizi vya ngazi. Mjini hakuna aliyemwita kwa jina lake, nami sitakuwa wa kwanza.

Mimi ni seremala. Miaka mingi kazi yangu na yake zilining'inia kwenye bawaba moja: nilichonga mlango, yeye akautia rangi, mwenye nyumba akatusifu wote wawili. Nawaambia kweli, mlango wangu ukisifiwa, nusu ya sifa ni yake, na hiyo nusu ndiyo ndefu.

Nimelitaja neno lenyewe, basi nilieleze. Kule kwetu wateja tulizungumza nao Kimalagasi cha pwani, nyumbani Kingazija, na maofisini Kifaransa cha kujikaza. Kiswahili cha wazee kilikuwa kimebaki maneno machache tu, ya msikitini, ya biashara na ya vyombo vya baharini. Moja ni sifa. Sifa ni hayo mafuta ya papa waliyoyapaka mabaharia kwenye mbao ili maji ya chumvi yasiingie. Kwa Fundi, sifa ilikuwa mafuta kwanza, mengine baadaye. Ukimwambia, "Fundi, umefanya kazi ya ajabu," aliinua mkono wenye kitambaa akakukata kauli:

"Sifa hupakwa mti, haipakwi mtu."

Baadaye nilikwenda kufanya kazi Unguja, na huko ndiko nilikokikamilisha Kiswahili hiki ninachoandikia. Mzee mmoja akaniambia mgema akisifiwa tembo hulitia maji. Nikacheka mpaka akaniuliza nina nini. Nilikuwa nimemkumbuka Fundi.

Tuje kwenye kazi yake. Rangi za nje Fundi alizigawa mafungu mawili. Kuna rangi ya kuvaa na kuna rangi ya kunywa. Rangi ya kuvaa ni ile inayokaa juu ya ubao, vanishi na ndugu zake: inang'aa siku ya harusi, jua la Mahajanga likiipiga inapasuka, maji yanaingia chini yake, na ubao unaoza ndani ya nguo nzuri. Rangi ya kunywa inazama kwenye nyuzi za mti. Haibanduki, maana haikubandikwa. Hiyo tu ndiyo aliyoitambua. "Mti wa nje usiuvishe," alisema, "unyweshe." Alilisema hilo kwa wateja, kwa mafundi, na mara moja kwa bwana harusi aliyekuwa amesimama tu kwenye baraza akingoja watu wake.

Kuchagua rangi kulimchukua muda mrefu kuliko kuipaka. Alikwenda kwenye nyumba jua likiwa kali, akakalia kigoda mkabala na mlango, akautazama. Mwenye nyumba anataka rangi ya asali? Fundi hakumjibu kwanza, alilitazama jua. Mlango unaoelekea magharibi, unaochomwa alasiri yote, aliunywesha rangi nzito, kwa sababu nyepesi ingeungua upesi. Ulio kivulini aliuhurumia, akaupa nyepesi. Kisha alitaka kwangu kipande kilichobaki cha ubao ule ule, si cha mti mwingine. "Kipande cha mti mwingine ni shahidi wa uwongo," alisema. Alikipaka, akakitupa juu ya bati la nyumba yake, akakiacha jua liseme neno lake. Wateja walikereka. Wallahi, hata mimi nilikereka, nina njaa na mlango wangu umelala chini unangoja kipande kiive juu ya bati.

Rangi yenyewe aliipika. Magome ya mkoko yalichemka mpaka maji yakawa mekundu, yakachujwa, yakapoa. Kwanza alidondosha tone la maji kwenye ubao kwa ncha ya kidole, akalikodolea macho. Tone likikaa juu kama shanga, alifunga vyombo vyake akaenda zake. Mbao bado mbichi, au seremala (yaani mimi) hakupiga msasa vizuri. Tone likizama, alisema taratibu, "Anakunywa," na uso wake ulikunjuka. Alianza na ncha zilizokatwa, kwani ndizo zenye kiu, kisha akafuata nyuzi za mti kutoka juu hadi chini bila kusimama katikati. Hakupaka juani hata kidogo. Aliliacha jua lizunguke nyuma ya nyumba ndipo akaanza. Rangi ikikauka, akaja na sifa, akaisugua kwa kitambaa, na iliyozidi akaifuta. Vitambaa vyenyewe alivitandaza kwenye kamba kimoja kimoja, maana vikirundikwa vinaweza kuwaka moto vyenyewe. Sikuamini hilo mpaka nilipouona moshi kwa macho yangu katika karakana ya mtu mwingine.

Nitasema lililonishangaza kuliko yote. Nyumba moja ya zamani ilipoteza bawa moja la dirisha katika upepo mkali, nikatengeneza jipya. Jeupe pyee kando ya wenzake waliozeeka! Fundi akalichukua, akapika, akachanganya, akapaka, akakwaruza, akapaka tena. Nilipopita baadaye nilisimama barabarani nikilitafuta bawa nililolichonga kwa mikono yangu, nisilione. Nilihesabu mabawa yote toka kushoto, nikayahesabu toka kulia. Mwenye nyumba akachungulia akaniuliza, "Umepoteza nini?" Nilikwenda zangu nikiwa na furaha na hofu pamoja.

Msidhani alikuwa malaika. Ulimi wake ulikuwa msumeno. Wasichana wa chuo aliwavumilia makosa yale yale ya herufi asubuhi nzima, sauti haikupanda. Lakini seremala ukimletea ubao wenye gundi iliyomwagika, utajuta kuzaliwa, kwa maana rangi haiingii penye gundi. "Umekula wali hapa?" aliniuliza siku moja akigusa doa. "Mbona umeacha ukoko?" Mtaa mzima ulinicheka.

Na kila asubuhi alisaga kijiti cha msindano kwenye jiwe, akajipaka usoni uji wake wa manjano, kama wafanyavyo wanawake wengi wa kwetu ili jua lisiwaunguze ngozi. Nilimtania: "Fundi, wewe uso unaupaka mti, na mti unaupaka samaki."

"Na wewe seremala hujapakwa kitu," akasema, "ndiyo maana umekauka hivyo."

Magome na mafuta aliyafuata Katsepy, ng'ambo ya ghuba. Siku moja tulirudi pamoja na kivuko, kizibo cha dumu lake kikalegea. Jamani! Abiria walihama upande mzima. Mama mmoja akaziba pua ya mwanawe kwa kanga, mwingine akamwomba nahodha kwa Kimalagasi amshushe mwanamke yule hapo hapo majini. Fundi alinyoosha miguu kwenye benchi lililobaki tupu akaniita: "Njoo ukae, seremala. Sifa inatupa nafasi."

Huko kisiwani Nosy Be nilimpeleka mimi. Nilikuwa nimehamia huko, na kijiji cha Ambatoloaka kilianza kujaa hoteli. Kila mwenye hoteli alitaka baraza la mbao linalotazama ufuko. Mmoja, mzungu (sisi twasema vazaha) mnene mwenye kucheka sana, alikubali kazi ifanywe kwa mkono wa Fundi. Fundi akaja, akapika magome yake katika sufuria za alumini, akayafunika, akaenda kulala kwa jamaa zangu. Mlinzi wa hoteli, mtu mwema kupita kiasi, aliona sufuria zimezagaa njiani, akamsaidia: akaimimina rangi yote kwenye pipa kuukuu la chuma.

Kosa la namna hii anaweza kulifanya mtu wa kwetu tu, mwenye pipa na mwenye huruma. Maji ya magome yakikutana na chuma hugeuka meusi, na ndiyo maana hata misumari ya chuma tuliifukia ndani tukaiziba. Asubuhi ile palikuwa na mawingu, Fundi hakuona vizuri ndani ya pipa, naye akadhani weusi ni kina. Akachovya, akaipaka nguzo ya kwanza. Ilipoanza kukauka ikawa nyeusi kama wanja. Fundi akamwita mlinzi, akamwita mpishi, akamwita kila aliyekuwa karibu, akatukaripia sote.

Vazaha akatoka na kikombe chake cha kahawa. Akaitazama nguzo, akaizunguka. "C'est magnifique!" akasema. Nzuri ajabu! Anataka baraza lote liwe hivyo hivyo.

"Mwambie hiyo si kazi yangu," Fundi akaniambia kwa Kingazija. "Hiyo ni kazi ya pipa. Amelisifu pipa."

Alikataa katakata. Baraza lilikuwa jekundu, kama alivyokusudia, na lilidumu, na ile nguzo moja nyeusi vazaha aliizuia isiguswe, akaionyesha wageni. Baadaye niligundua kwamba Fundi mwenyewe, kila alipokuja Nosy Be, alipita kuiangalia. Alidhani sijamwona.

Sasa nifike kwenye mlango wake mwenyewe, ambao ndio hasa ulionifanya nishike kalamu.

Fundi aliyetia rangi milango ya mji mzima, mlango wake haukuwa na kitu. Mtupu! Ubao wa palisanda, mti mzuri mno, umeelekea magharibi, umechomwa na jua na kunyeshewa na mvua mpaka ukawa wa kijivu kama majivu ya jikoni, nyuzi zimesimama, chini karibu na kizingiti umeanza kulainika. Watu walipita wakasema mganga hajigangi. Mimi seremala uliniuma machoni. Kila nilipokuja nilimwomba: "Fundi, niachie niupige randa tu. Utaupoteza mti huu."

"Uache," alisema.

Na alikuwa na tabia moja pale mlangoni. Aliufungua nusu, akasimama, akaweka kiganja kwenye ukingo, ile sehemu nyembamba inayofichwa na fremu mlango ukifungwa. Alitelezesha mkono juu, akatelezesha chini. Nilidhani anatafuta unyevu.

Habari yenyewe niliipata kidogo kidogo kwa majirani. Mumewe alikuwa seremala kabla yangu, hodari. Mlango ule aliuchonga yeye, akautia kwenye bawaba mwishoni mwa miaka ya sabini, wakati watu wengi wa asili yetu walipokuwa wanaondoka Mahajanga kwa hofu ya ghasia na mauaji, wakirudi Ngazija. Ubao ulikuwa bado haujakauka sawasawa, na ubao mbichi hautiwi rangi. Naye ikampasa kuondoka. Akamwambia mkewe: "Usiupake peke yako. Nikirudi tutaupaka wawili." Akapanda meli.

Hakurudi. Mwanzoni zilikuja salamu, kisha salamu zikapungua. Ikasikika ana nyumba nyingine kule, na watoto. Talaka haikuja, naye mwenyewe hakuja. Wanawake wa mtaani walimwambia Fundi adai talaka yake aolewe, bado kijana. Aliwajibu kwamba ana mume na ana mlango, wao wamekosa nini? Wakacheka, wakachoka, wakaacha. Mlango ukaendelea kuzeeka. Mimi nilimheshimu na nilimkasirikia kwa pamoja, maana niliona miti miwili inakauka pale, na yeye ndiye aliyejua dawa kuliko sisi sote.

Mara ya mwisho niliyofanya naye kazi, nilikuwa nimekwisha kuwa na mvi. Ujumbe ulinifikia Nosy Be kwa simu ya jamaa: Fundi anasema njoo, uje na randa. Basi. Nilivuka bahari, nikashika barabara ile ndefu mpaka Mahajanga, nikijiuliza amepatwa na nini.

Nilimkuta ameketi barazani, amekonda, msindano usoni, langilangi nyweleni. Nikamwamkia kwa adabu za kwetu, kwezi kama shikamoo na mbona kama marahaba.

"Kwezi, Fundi."

"Mbona, mwanangu. Karibu. Nimetoka edani."

Nikakaa chini. Habari ilikuwa imemfikia kwamba mumewe amefariki na amezikwa huko Ngazija. Naye akamkalia eda yote, ndani ya nyumba ile, nyuma ya mlango ule, mjane wa mtu aliyekuwa hajamwona tangu ujana wake. Nilimpa pole.

"Unajua niliogopa nini?" akasema. "Niliogopa akirudi asiujue. Aliuacha bila rangi, nikasema nami nisiuguse, aukute kama alivyouacha." Akautazama ubao ule wa kijivu. "Mimi! Mimi niliyewaambia watu wote kwamba mti usiopakwa ndio unaogeuka. Angerudi angepita hapa mlangoni akaendelea kuuliza nyumba yangu iko wapi."

Alicheka, lakini kidogo. Akainuka, akaufungua mlango nusu, akanivuta mkono, akakiweka kiganja changu pale ukingoni alipokuwa akiweka chake.

"Tazama."

Nikainama nikatazama. Mahali pale jua lilikuwa halijafika hata siku moja. Ukingo ulikuwa mwekundu wa zambarau, laini, mpya, kama umetoka kwenye randa jana. Kumbe hakuwa akitafuta unyevu. Alikuwa akienda kumwona.

"Sasa aliyesema nisubiri amefika asikorudi mtu," alisema. "Piga randa."

Nilitaka kuung'oa niulaze kwenye meza, akakataa: bawaba zile alizitia mumewe. Basi niliupiga pale pale uliponing'inia, nao ukiegemezwa na kabari. Pigo la kwanza la randa lilitoa vumbi la kijivu. La pili likatoa vumbi lenye wekundu. La tatu likatoa utepe mrefu wa ubao uliojikunja, mwekundu, wenye harufu tamu ya palisanda, ukaanguka miguuni pake. Kijivu chote kile, jua lote na mvua zote, unene wake ulikuwa wa ukucha. Chini yake mlango ulikuwepo. Machozi yalinitoka mimi. Yeye aliokota ule utepe akaunusa, akauchomeka nyweleni kando ya maua.

Sehemu iliyooza chini niliikata nikatia kipande kipya. Nikapiga msasa. Fundi akadondosha tone la maji, tukaliangalia wote wawili.

"Anakunywa," akasema.

Nikauliza magome yako wapi. Akasema leo hakuna magome, sifa peke yake. Nikamkumbusha sheria yake mwenyewe: mlango wa magharibi, bila rangi nzito, utageuka tena upesi.

"Najua. Nitaupaka tena kabla haujageuka, kila mara. Nisipokuwepo, utakuja wewe. Nataka uwe ule ule."

Jua lilipoteremka nyuma ya nyumba za ng'ambo ya barabara alileta bakuli la mafuta na brashi mbili. Moja niliijua, yake. Ya pili nilikuwa sijapata kuiona: mpini umechakaa kwa mkono wa mtu mwingine, nywele zake safi, laini, zilizooshwa na kutunzwa. Akanipa hiyo.

"Alisema wawili," akaniambia. "Shika."

Tukapaka. Yeye upande wa bawaba, mimi upande wa kitasa, kutoka juu hadi chini, bila kusimama katikati. Tulipomaliza tulirudi nyuma mpaka barabarani. Mlango uliwaka wekundu wake wa ujana, na mtu aliyekuwa akipita alisimama akatazama.

Nikasema, "Fundi, wallahi, sijapata kuona mlango kama huu." Nikangoja msemo wake unikate.

Hakuusema. Aliusogelea mlango na kwa mazoea akaweka kiganja ukingoni. Kisha mkono ukatoka ukingoni ukaja usoni mwa ubao, ukaenda, ukarudi, ukakuta kote ni kumoja. Akauondoa akautazama: umelowa mafuta mpaka kwenye kifundo.

"Haya," akasema, "leo nami nimepakwa."